Mume Wangu Si Muuza Vitabu

Jumatano, 3 Septemba

...na ndiyo maana mimi sikubali, hata kama Astère mwenyewe amekubali. Jana niliishia pale aliposema, "Sheri," yaani mpenzi wangu, "acha tu," nikafunga daftari kwa hasira. Leo naendelea. Haiwezekani mtu asome miaka minne, ajenge bomba la maji la kilomita kumi na moja juu ya milima ya kwetu Burundi, kisha bwana mmoja wa ofisini Kampala ambaye hajawahi kushika koleo amwandikie kwamba yeye ni fundi mwenye cheti. Na yote kwa sababu ya neno moja. Diploma yake inasema *ingénieur technicien*. Kwetu hilo ni jina la heshima, mwenye nalo hupewa kiti cha mbele harusini. Wao wakaliacha neno la kwanza, mhandisi, wakasoma la pili. *Technicien*. Fundi. Basi, hakuna kazi ya maji.

Barua hiyo ilifika wiki mbili kabla ya harusi yetu. Astère akaificha mpaka wageni walipomaliza keki, ili siku yangu isiharibike. Kwa hilo nimempenda zaidi, na wao nimewachukia zaidi.

Leo tuna siku ishirini na tano za ndoa. Bado nikiandika "mume wangu" naacha kalamu kidogo, nayatazama maneno yenyewe.

Jumamosi, 6 Septemba

Mvua hakuna. Vumbi limeingia mpaka kwenye chumvi. Astère aliniimbia nikiosha vyombo. Anaimba vibaya sana na sitamwambia kamwe.

Jumatatu, 8 Septemba

Niandike sasa kuhusu kazi anayofanya, ingawa inanichoma. Karibu na Base Camp, hapa kambini Nakivale, kuna chumba cha bati. Shirika moja lilileta humo makasha ya vitabu, likapiga picha, likaondoka. Tangu mwaka jana Astère anajitolea pale. Kila asubuhi anavaa shati nililopiga pasi, anaenda kuandika namba migongoni mwa vitabu. Watu wanapaita "kwa vitabu".

Juu ya mlango wameandika *Community Library*. Sisi tuliosoma Kifaransa tunaona *librairie*, yaani duka la vitabu, limekosewa herufi. Tonton Ladislas, mjomba aliyemlea Astère na kusimama naye kanisani, aliisoma hivyo, akatangaza baada ya misa kwamba mtoto wake amefungua duka.

Leo jirani yangu Capitoline, anayeuza ndagala, vile vidagaa vya ziwani, akanisimamisha mbele ya watu.

"Mama Harusi, bwana yako anauza cahier bei gani?"

"Hauzi kitu. Anatunza tu."

"Duka bila kuuza." Akawageukia wenzake. "Ndiyo maana kule kwabo banakula maharage asubui na mangaribi."

Wakacheka. Nami nikatabasamu kwa meno, kwa sababu mimi bado ni bibi harusi na bibi harusi hagombani njiani. Nilipofika nyumbani niliwagombeza kuku.

Jioni Astère akanieleza kwamba wanawake wawili walikwenda kweli na pesa mkononi kununua madaftari. Aliwaambia hauzi, kisha mmoja akaazima kitabu cha magonjwa ya maharage. Alirudi na furaha ya mtu aliyepewa ng'ombe. Nikamtazama vile alivyo mzuri akifurahi, na sikuelewa anafurahia nini.

Jumapili, 14 Septemba

Mvua ya kwanza. Kabla haijaanza Astère alichimba mfereji kuizunguka nyumba, akipima kwa kamba na chupa yenye maji nusu ili ajue mteremko. Jirani mmoja akauliza kama tunamzika mtu mrefu. Ilipomaliza kunyesha, nyua zote zilikuwa matope, wetu ukawa mkavu, na yule jirani akaja kuazima koleo. Mtu wa namna hii wamemweka alinde vitabu. Nasema tena: alinde vitabu.

Alhamisi, 18 Septemba

Tumepanda maharage. Mgongo unauma.

Jumatatu, 22 Septemba

Leo nimefanya jambo, na ninajivuna nalo.

Astère alirudi mchana akiwa na fomu kutoka chuo kimoja cha Mbarara.

"Sheri, kuna masomo ya miaka miwili. Wameacha nafasi moja kwa mukimbizi, karo imelipwa. Nafasi moja tu."

"Masomo ya nini? Ya maji?"

"Ya vitabu," akasema, akiinamisha macho kama siku alipokuja kwetu kujitambulisha.

Nikaichukua ile fomu. Kiingereza sikijui. Sekondari niliimaliza kwetu kwa Kifaransa kabla hatujakimbia. Lakini macho ninayo. Iliandikwa *Library and Information*. *Librairie*, na habari. Kwa hiyo miaka miwili watamfundisha mume wangu kuuza vitabu na magazeti. Ingénieur wangu akae nyuma ya meza na kutafuta chenji.

Sikumwambia neno. Aliomba nimnakilie barua yake na majibu ya fomu, kwa sababu mwandiko wangu masista waliusifu na wake, anasema mwenyewe, ni wa kuku aliyekanyaga wino. Mtu wa kuipeleka Mbarara alikuwa anaondoka saa kumi. Yeye akakimbilia kwa vitabu, bati linavuja.

Nilinakili Kiingereza chake chote, herufi kwa herufi, bila kugusa kitu. Nilipomaliza, chini palibaki mistari minne mitupu. Mistari hiyo ikawa inanitazama. Nikafikiri: wakubwa wa chuo wamesoma, Kifaransa watakijua, wataelewa kwamba libraire ni muuza vitabu. Nikaandika kwa Kifaransa: *Mume wangu ni ingénieur. Yeye si libraire na hatakuwa libraire kamwe. Mpeni kazi ya maji.* Nikapuliza wino ukakauka.

Aliporudi aliitia kwenye bahasha bila kusoma. "Nikiisoma nitaona makosa yangu tu," akasema, akabusu vidole vyangu kimoja kimoja, vyenye wino. Sijamwambia. Wakimwita kwa kazi ya maji, ashangae mwenyewe.

Alhamisi, 2 Oktoba

Kupalilia. Mvua. Kupalilia.

Jumatano, 8 Oktoba

Anangoja majibu kama mtu anayengoja mtoto azaliwe. Leo kwenye chakula alinieleza kwamba kila kitabu kina anwani yake, kama nyumba, na anayejua anwani hawezi kukipoteza. Nikapiga miayo. Akacheka, akaniongezea mchuzi. Nina mume mwema mno, na dunia inamtumia vibaya kwa sababu ya wema huo.

Jumapili, 12 Oktoba

Capitoline ameniuliza kanisani, wakati wa kupeana amani, kama duka limepata mzigo mpya. Wakati wa kupeana amani.

Jumatatu, 20 Oktoba

Hawakumchukua.

Orodha ilibandikwa leo mlangoni mwa chuo. Alikwenda mwenyewe kuisoma na akarudi na mvua yote ya barabara ya Isingiro mwilini. Nilimvua koti. Hakuniangalia.

"Majina yote niliyasoma mara tatu," akasema. "Kwenye fasi ya mukimbizi wameweka mustari mutupu."

"Walisema kwa nini?"

"Sikuuliza. Itakuwa technicien tena."

Kwanza, kusema kweli, moyo wangu uliruka kwa furaha, nikawaza sasa ile kazi ya maji itakuja. Kisha nikamwona. Aliketi kwenye kitanda na viatu vyenye matope, jambo ambalo hajawahi kufanya. Nikaweka chakula, hakula. Nikashika mkono wake, akaniachia tu kama mtu anayeacha kitambaa kwenye kamba. Ile barua ya Kampala aliipokea akasema acha tu. Hii ya leo imemvunja.

Tonton Ladislas akaingia bila kubisha, amesikia.

"Mungu amekuepusha, mwanangu. Ingénieur hauzi kalamu. Watu walikuwa wananicheka."

"Tonton, asante," Astère akasema, akatoka nje kwenye mvua, akasimama kule kwenye mfereji wake.

Sasa hasira yangu imegeuka upande mwingine. Hata kama hayo masomo mimi nayadharau, wao ni nani hata wamnyime? Wanaweka kiti kwa ajili ya mkimbizi, anakuja mkimbizi bora kuliko wote, wanakiacha kiti kitupu. Bora wangempa mtu mwingine. Kiti kitupu ni tusi. Wanatutaka tushukuru kwa viti ambavyo hatukalii. Nimeandika na kalamu imetoboa karatasi. Kwenda nitakwenda mimi. Wataniambia usoni.

Alhamisi, 23 Oktoba

Niandike yote leo, mimi Doriane, nisijifiche mahali.

Asubuhi nilimwambia Astère naenda sokoni Isingiro. Isingiro nilipita kweli. Diploma yake niliifunga kwenye nailoni, nikaifichia ndani ya kitenge. Njia nzima mpaka Mbarara nilikuwa napanga maneno, na yalikuwa makali.

Chuoni walinielekeza kwenye chumba kikubwa juu, kwa mama mmoja wa Kiislamu, mtandio mweupe, miwani imening'inia kwa kamba shingoni. Jina lake Madamu Swabulah, yeye ndiye mkuu wa masomo hayo.

"Karibu, nyabo," akasema, yaani mama. "Iko shida gani?"

"Shida ni ninyi," nikasema. "Nimekuja kuuliza kwa nini mulimukataa bwana yangu."

Nikaiweka diploma mezani. Nikamwaga yote: kilomita kumi na moja, milima, Kampala, technicien, kiti kitupu. Aliniacha nimalize, vile watu wanavyoacha mvua imalize. Kisha akauliza jina la bwana, akavuta mtoto wa meza, na kabla sijamaliza kufuta jasho fomu ilikuwa mbele yangu.

"Hii muandiko ni ya nani?"

"Yangu."

"Na hii ya chini?"

"Pia yangu," nikasema, na nilisema kwa fahari.

"Sasa nyabo, sisi hapa Kifaransa hatujui. Tulitafuta padri mumoja Mukongo atusomee. Padri akasema huyu mutu hataki hii kozi, anasema hatakuwa librarian kamwe. Wewe kama ni wewe, ungefanya nini? Unamukamata na askari, unamuleta darasani?"

"Sikuandika hivyo. Niliandika si libraire. Hauzi vitabu."

Madamu akavaa miwani yake polepole. "Hauzi nini?"

Nikamweleza. Alicheka mpaka akashika meza. Kisha akaona uso wangu, akaacha. "Pole sana. Simama, kuja."

Akanipitisha kati ya rafu. "Onyesha mimi, nani anauza hapa?" Hapakuwa na anayeuza. Palikuwa na muuguzi akinakili jambo, na mzee mmoja mwenye mabuti ya shambani akisoma kuhusu mnyauko wa migomba, kidole kwenye mstari. "Uliza kitu," Madamu akasema. "Kitu yoyote, mimi natafuta."

Kwa hasira nikasema, "Maji ya Nakivale."

Akatembea moja kwa moja hadi rafu ya dirishani, akatoa ripoti ya zamani yenye jalada la kijivu. Ndani mlikuwa na ramani, na visima vyote vilivyochimbwa kwetu, kina cha kila kimoja, na vile vilivyotoka vikavu. Niliona hata kile kilicho nyuma ya kanisa letu.

"Bwana yako aliandika mambo ya ramani kwa barua yake," akasema. "Si wewe uliandika hiyo barua?"

"Nilinakili," nikajibu. "Sikusoma."

Nikaona aibu kuliko siku yoyote maishani mwangu. Madamu akaleta barua, akanisomea kwa Kiswahili chake, taratibu. Mwaka ule wa bomba, Astère aliandika, walichimba mahali pasipo na ramani, wakavunja bomba la watu waliotangulia. Vijiji vitatu vikakaa wiki tano bila maji safi, watu wakachota mtoni, kipindupindu kikaingia. Baadaye ramani ya zamani ilipatikana sokoni, mwenye duka alikuwa anafungia sabuni. Mwisho aliandika hivi: "Siku ile hatukukosa ma-ingénieur, tulikuwa sita. Tulikosa mtu mmoja wa kutunza karatasi. Naomba mnifundishe niwe mtu huyo."

Maneno haya niliyaandika mimi kwa mkono wangu mzuri. Chini yake nikaandika kamwe.

"Kamati inakaa kesho saa nne," Madamu akasema. "Kiti bado. Bwana akuje yeye mwenyewe, na barua ya mukono yake mwenyewe. Wewe, nyabo, usishike kalamu."

Nilirudi Base Camp saa kumi, mvua imeshika. Nikamkuta Astère kwa vitabu akisogeza beseni chini ya tundu la bati. Nilimwambia pale pale, nimesimama, maji yananitoka kwenye kitenge. Akaniambia niyarudie yale maneno kwa Kifaransa kama nilivyoyaandika. Nikayarudia. Sijawahi kusikia mistari mirefu namna hiyo.

"Tangu tuoane," akasema, "kila siku unaniita ingénieur wangu. Mbele ya watu, mbele ya Tonton, hata tukiwa wawili. Uliolewa na nani, Doriane, na mimi ao na diploma?"

Hakuniita sheri. Nilitaka kukasirika, mdomo ulikuwa umeshafunguka. Nilitaka kumwambia kwamba nilimpigania peke yangu wakati yeye anasema acha tu. Lakini nikakumbuka kwamba katika kumpigania kote sikuwahi kumuuliza anataka nini. Nililipenda lile neno. Nililivaa kama kitenge kipya na kupita nalo mbele ya Capitoline.

"Na wewe," nikasema, "lakini nilichelewa kukusoma."

Alikaa akaiandika upya barua kwa ule mwandiko wake wa kuku, nami nikasimama nimeshika mwavuli juu ya karatasi kwa sababu ya tundu. Mkono uliniuma mpaka begani, sikuubadilisha.

Ijumaa, 24 Oktoba

Ameondoka saa kumi na moja alfajiri, amevaa mabuti, viatu vya heshima mkobani. Nimesali rozari mbili. Ya pili nimechanganya mafumbo.

Jumamosi, 25 Oktoba

Anasema watapiga simu. Anazungumza nami kwa adabu, kama mgeni wa parokia. Nastahili, lakini nachukia.

Jumatatu, 27 Oktoba

Wamempokea.

Alipokata simu akaniinua juu kwenye uwanja mbele ya kuku na majirani wote. Nilipiga kelele anishushe na nilitaka asinishushe. Amenifundisha neno la Kiswahili cha vitabuni: mkutubi. Mume wangu atakuwa mkutubi. Nimelirudia siku nzima.

Tonton Ladislas alikuja na sura ya msiba. Nikamkaribisha kiti, nikamwambia kwa heshima yote, "Tonton, Jumapili baada ya misa utatangaza tena. Maneno nitakuandikia mimi." Astère akaangalia pembeni ili asicheke, kisha akaniuliza kama nina hakika mimi ndiye wa kuandika.

Jumapili, 2 Novemba

Ameenda. Amepata chumba Biharwe, karibu na Mbarara, kwa mzee Buruhan anayefyatua matofali. Mimi siwezi kwenda naye, maharage yameanza kutoa maua na shamba halina mtu mwingine. Capitoline akaniangalia nikirudi peke yangu kutoka barabarani.

"Bwana Mbarara, bibi Nakivale. Hiyo ndoa ni ya simu."

"Wewe wa kwako yuko nyumbani," nikamwambia, "na hata simu hakupigii."

Mambo ya ubibi harusi yameisha.

Jumanne, 4 Novemba

Ujumbe wa Astère, baada ya siku mbili nzima: "Nimefika. Mvua." Maneno mawili. Mtu aliyeandika ukurasa mzima kuhusu karatasi ya kufungia sabuni, kwa mke wake ana maneno mawili.

Ijumaa, 7 Novemba

Kimya. Maharage mazuri.

Jumatano, 12 Novemba

Leo simu ilikuwa na moto wa betri, tumeongea mpaka salio lake likaisha katikati ya neno. Ameomba msamaha kwa ule ujumbe. Anasema alikuwa bado na kijiwe moyoni, na kimeyeyuka njiani akienda darasani, hajui siku gani. Nikalia, nikamwambia ni moshi wa jikoni.

Akanihadithia siku ya kwanza. Madamu Swabulah aliwaambia kila mwanafunzi asimame aseme ni nani na alikuwa nani kabla ya kufika pale. Mmoja akasema mwalimu, mwingine mhasibu, mwingine askari mstaafu. Zamu yake ilipofika nilibana simu sikioni, kwa sababu neno lile bado nalipenda, siwezi kudanganya humu.

"Nilisema naitwa Astère," akaniambia, "mimi ni bwana ya Doriane."

"Basi tu?"

"Basi. Madamu akasema, huyo tunamujua. Darasa zima likacheka."

Likacheka. Watu wazima, wamekaa kwenye viti vya chuo, wanamcheka mwanamke ambaye hawajamwona hata mara moja. Nani amewasimulia? Na padri yule Mkongo, naye si angeuliza kwanza libraire ni nani huku Uganda kabla ya kutafsiri? Nina maneno ya kuwaambia wote, mmoja mmoja, na safari hii nitayasema kwa mdomo. Nimeshamwomba Tonton aangalie shamba siku tatu. Astère, ukiwaona kesho waambie: kabla mwezi huu haujaisha nakuja, wamwone huyo wanayemjua.